Mihogo inayolegea mchana

*Kiangazi kikikolea, mihogo yangu hulegea adhuhuri na majani ya chini hugeuka manjano, kisha hupukutika. Jioni majani ya juu husimama tena. Je, ni ugonjwa? — Mkulima, Midia, Koboko*

Mhogo unaolegea mchana na kusimama jioni kwa kawaida si mgonjwa; unabana maji kwa kufunga matundu ya majani yake. Matundu hayo yanapofungwa, hewa ya ukaa haiingii vya kutosha, ilhali jua linaendelea kupiga. Nishati ya jua inayozidi huumiza kloroplasti, vijumba vya kijani vinavyotengeneza chakula cha mmea.

Humo ndani kuna protini za ulinzi. PsbS husaidia kugeuza mwanga uliozidi kuwa joto lisilodhuru. Protini iitwayo D1 ndiyo huumia zaidi: nyingine, FtsH, huikatakata ile iliyoharibika, na mpya hutengenezwa mahali pake. Kazi hiyo haikomi mchana kutwa, ila joto kali na ukame huipunguza kasi. Jani kuukuu hatimaye huvunjwa, na naitrojeni ya protini zake huhamia machipukizi. Manjano hayo, basi, mara nyingi ni uhamisho.

Matandazo ya nyasi na palizi ya mapema huhifadhi unyevu. Kupanda mvua zinapoanza huiwezesha mizizi kujikita kabla ya kiangazi. Mbolea haifai kutiwa kwenye udongo mkavu.

Majani yaliyojikunja yenye mabaka ya manjano ni jambo jingine: hiyo ni dalili ya batobato, ugonjwa wa virusi. Shina lenye majani hayo ling'olewe, lisitumiwe kama mbegu, na afisa kilimo au kituo cha utafiti cha Abi, Arua, kiulizwe.