KUUVIKA UPYA UZI WA KIOO
Somo la Fizikia kutoka Njia ya Misafara

Mji wetu wa Tabora ulikua kwa sababu ya njia. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, misafara iliyotoka Bagamoyo ilivuka Ugogo ikafika Unyanyembe, na hapo njia iligawanyika: wengine walishika magharibi mpaka Ujiji, wengine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Walipeleka pembe za ndovu pwani, na kutoka pwani walileta merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba.

Njia ile ilikuwa na tabia moja: ikikatika mahali pamoja, mwendo wote husimama. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora, njia ya Ujiji ilifungwa. Barua za Livingstone zilikuwa zimekwama hapa hapa Unyanyembe, na Stanley, aliyekuwa akimtafuta, alilazimika kuzunguka kwa upande wa kusini kabla ya kumfikia Ujiji.

Siku hizi habari zinazokuja Tabora hazibebwi kichwani. Hupita katika Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao Serikali ilianza kuujenga mwaka 2009 na ambao husimamiwa na TTCL. Ndani ya mkongo huo mna nyuzi za kioo, ambazo mafundi huziita faiba, na habari husafiri humo kwa mwanga. Stanley alitumia miezi mitatu kutoka Bagamoyo mpaka Unyanyembe. Mwanga hauhitaji hata sehemu kumi za elfu moja za sekunde. Lakini tabia ya njia haikubadilika: ikikatika mahali pamoja, mwendo husimama.

Katika somo hili sitaeleza mkongo wote. Nitaeleza jambo dogo linalosahauliwa: uzi wa kioo ukishaungwa, kwa nini haitoshi kwamba mwanga unapita, bali hapana budi uzi uvikwe upya?

1. Uzi wenyewe

Uzi mmoja una sehemu tatu. Katikati kuna kiini cha kioo safi sana, ambacho unene wake ni kama sehemu 9 za elfu moja za milimita. Kiini huzungukwa na ngozi, nayo pia ni ya kioo. Kiini na ngozi pamoja vina unene wa sehemu 125, yaani moja ya nane ya milimita. Nje kabisa kuna vazi la plastiki iitwayo akrileti, na uzi ukiwa na vazi lake hufikia sehemu 250, yaani robo ya milimita.

Sisi tuliokwisha kusoma habari za mwanga tunajua kwamba mwanga hupinda unapotoka katika kioo kuingia hewani, na kwamba pembe ikizidi kiasi fulani mwanga hautoki tena, bali hurudi wote ndani. Ndivyo ilivyo hapa. Kioo cha ngozi kina nguvu kidogo ya kupinda mwanga kuliko kioo cha kiini. Basi mwanga unaofika mpakani kwa kulalia sana, pembe ya digrii 85 au zaidi, hurudishwa kiinini tena na tena mpaka mwisho wa safari.

Mwaka 1966 Charles Kao, akifanya kazi Uingereza, alionyesha kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kupeleka mwanga mbali. Kioo cha leo ni safi hata baada ya kilomita 15 nusu ya mwanga bado imo. Kao alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009, mwaka ule ule ujenzi wa mkongo wetu ulipoanza.

2. Kwa nini kioo kinahitaji vazi

Wengi wetu tumemwona mwalimu wa Kemia akikata mrija wa kioo. Hatumii msumeno. Huukwaruza mara moja kwa tupa, kisha huukunja kidogo, nao hukatika pale pale penye mkwaruzo. Katika tendo hilo mna somo letu zima. Kioo kisicho na mkwaruzo kina nguvu ya ajabu. Kioo chenye mkwaruzo ni dhaifu, hata kama mkwaruzo hauonekani kwa macho.

Mwingereza A. A. Griffith alieleza sababu yake katika makala ya mwaka 1921. Kioo kinapovutwa, mkazo hausambai sawasawa, bali hukusanyika kwenye ncha ya ufa. Ufa ukiwa mrefu, mkazo wa ncha yake huwa mkubwa zaidi, na hatimaye ufa hukimbia na kioo hupasuka.

Tena kuna adui wa pili, nao ni maji. Kioo kikiwa katika mkazo, unyevu hushambulia ncha ya ufa na kuvunja vifungo vya kioo kimoja kimoja. Kwa hiyo ufa hukua pole pole, hata kama mzigo hauongezeki. Uzi unaweza kukaa mwezi mzima, au miaka, kisha siku moja ukakatika bila mtu kuugusa.

Vazi la akrileti huwa na tabaka mbili. La ndani ni laini kama mpira. Kazi yake ni kupokea misukumo midogo ili kioo kisibanwe, maana kioo kikibanwa au kukunjwa mwanga huvuja. La nje ni gumu. Kazi yake ni kuzuia mikwaruzo. Vazi halizuii unyevu wote, kwa kuwa unyevu huweza kupenya kidogo kidogo. Lakini pasipo ufa unyevu hauna pa kuanzia kazi. Kiwandani uzi huvikwa mara tu unapovutwa kutoka katika tanuri, kabla haujaguswa na kitu chochote.

3. Jinsi ya kuunga

Waya wa faiba huletwa ukiwa umezungushwa kwenye magurudumu makubwa, kila moja lenye kilomita chache tu. Kwa mfano, tukikadiria kilomita 4 kwa kila gurudumu, na tukichukua mwendo wa reli kutoka Dar es Salaam mpaka Tabora, kama kilomita 840, tutapata viungo zaidi ya 200 kwa kila uzi. Tena kila mara waya unapokatwa na jembe, greda au mafuriko, viungo huongezeka. Fundi hufuata taratibu hii:

Kwanza, hufungua ala ya nje na kusafisha nyuzi.
Pili, hupitisha katika uzi mmoja kijibomba cha kinga, maana baada ya kuunga hakiwezi kuingia tena.
Tatu, huuvua uzi vazi lake kwa koleo maalumu, sentimita chache tu.
Nne, huufuta kwa spiriti safi. Tangu hapo hauguswi kwa kidole.
Tano, hukata ncha iwe wima na laini, kwa kuikwaruza kidogo kwa kisu kigumu na kuikunja, sawa na mrija wa Kemia.
Sita, huweka ncha mbili katika mashine, nayo huzilinganisha na kuziyeyusha kwa cheche ya umeme zikawa kitu kimoja.

Mwishoni mashine huonyesha makadirio ya mwanga uliopotea, na kwa kawaida ni kidogo sana. Hapo ndipo kishawishi huingia, kwa maana mwanga umepita na simu zinalia. Lakini tazama hali ya uzi: mahali pale uko uchi. Umepitiwa na koleo, umefutwa, umechomwa moto. Njia nzima imebaki ikishikwa na kioo kitupu chenye unene wa moja ya nane ya milimita.

4. Jinsi ya kuvika

Ziko njia mbili. Ya kwanza ndiyo inayotumika sana nchi kavu, nayo ni kile kijibomba. Ndani kina mrija wa plastiki inayoyeyuka upesi, kando yake kijiti cha chuma, na nje mrija unaonywea ukipata joto. Fundi hukisogeza mpaka kiungo kiwe katikati, na kila upande vazi la zamani liingie ndani yake. Kisha hukitia katika kijitanuri cha mashine. Plastiki ya ndani huyeyuka na kukumbatia kioo, mrija wa nje hunywea, na kijiti huzuia uzi usikunjwe. Kikipoa hupangwa katika trei, nayo hufungiwa ndani ya kasha lisiloingia maji.

Njia ya pili ni kurudisha vazi lenyewe. Uzi hulazwa katika kalibu ya vipande viwili, yenye mfereji mwembamba kiasi cha vazi la asili. Akrileti ya maji maji huingizwa mpaka ijaze nafasi yote. Kisha taa ya mionzi ya urujuanimno huwashwa, na kwa sekunde chache akrileti hukauka ikawa ngumu. Uzi hutoka na unene karibu sawa na wa kwanza, tena hukunjika kama kawaida. Njia hii hutumika mahali pasipo na nafasi ya kijibomba, na katika viwanda vya nyaya za baharini.

Makosa ya kuogopwa ni matatu. La kwanza ni kiputo cha hewa, kwa maana pale penye kiputo kioo hakishikwi sawasawa. La pili ni vumbi, ambalo hukikwaruza kioo kutoka ndani ya vazi jipya. La tatu ni vazi jipya kutoshikana na la zamani, kukabaki pengo ambamo kioo ki uchi. Baada ya kuvika, uzi huvutwa kwa nguvu iliyopimwa. Ukiwa na ufa mkubwa, ni heri ukatike mezani kuliko chini ya ardhi.

5. Mambo yaliyo hatarini

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika kaskazini ya Durban, na intaneti ikadorora katika nchi yetu na za jirani. Meli ya matengenezo ilibidi kutumwa. Bahari iko mbali na Tabora, lakini athari zake huweza kufika kwa mgonjwa anayengoja majibu ya kipimo, kwa mkulima anayelipwa kwa simu, na kwa mwanafunzi anayetafuta matokeo ya mtihani. Waya wa nchi kavu ukikatika, athari ni zile zile.

Kwa hiyo namba ya mashine isitudanganye. Namba hiyo hupima mwanga wa leo. Haipimi umri wa kiungo. Kiungo kibaya kinaweza kupitisha mwanga vizuri wakati wa kiangazi, kisha masika yakaja, maji yakaingia katika kasha, na ufa ukaanza safari yake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayetaka kuwa fundi wa faiba na ajifunze mapema kwamba nusu ya kuunga ni kuvika. Na sisi wengine tuonapo waya umefukuliwa na mvua kando ya barabara, tusiuguse wala kuukata, bali tutoe habari.

Maswali ya kujipima
1. Kwa nini kioo huvunjika kwa urahisi penye mkwaruzo?
2. Taja kazi ya kila tabaka la vazi la akrileti.
3. Uzi umeungwa na mwanga unapita vizuri. Mweleze fundi kwa nini kazi yake haijaisha.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne