Mwanzishaji au Mmaliziaji? Namna ya Kumpima Mrushaji Chipukizi wa Besiboli

Klabu 30 za Ligi Kuu ya besiboli Marekani, MLB, zina timu 120 za ligi ndogo chini yake, katika madaraja manne: Single-A, High-A, Double-A na Triple-A. Kila timu ina warushaji zaidi ya kumi. Maana yake ni kwamba katikati ya msimu kuna vijana zaidi ya elfu moja wanaorusha mpira kila wiki wakitaka kupanda juu, na wengi wao hawatapanda. Wale wachache watakaofika, nao hawatafanya kazi moja. Kuna mwanzishaji, anayeanza mechi na kutarajiwa kuibeba kwa muda mrefu. Kuna mpokezi, anayeingia katikati kwa zamu moja au mbili. Na kuna mmaliziaji, anayekabidhiwa mechi mwishoni timu yake ikiongoza kwa mkimbio mmoja au miwili.

Mpenzi wa besiboli anayekesha Dar es Salaam, Nairobi au Kampala mpaka saa nane za usiku kuwatazama vijana hawa mtandaoni hukutana na kishawishi kimoja kikubwa, nacho ni kasi. Kasi inaonekana kwenye kona ya kioo baada ya kila mpira. Wastani wa mpira wa kasi katika MLB siku hizi ni kama maili 94 kwa saa, yaani kilomita 151, kwa hiyo kijana akigonga maili 98 macho yote yanamwendea. Ni haki yake. Lakini kasi inakueleza tu kwamba kijana anastahili kutazamwa. Haikuelezi atafanya kazi gani.

Kazi yake inaamuliwa na swali jingine: je, anaweza kukutana na mpigaji yuleyule mara tatu katika mechi moja na bado akamshinda? Wapigaji ni tisa na mpangilio wao ni uleule tangu mwanzo, labda mtu abadilishwe. Mrushaji akishawamaliza wote tisa, anarudi kwa yule wa kwanza, ambaye sasa ameuona mpira wake. Mzunguko wa tatu ni mgumu zaidi; takwimu za miaka mingi za MLB zinaonyesha wapigaji hufanya vizuri zaidi kila wanapomwona tena mrushaji yuleyule. Mpokezi hakabiliwi na tatizo hilo. Anaingia, anawaonyesha wapigaji wanne au watano silaha zake mbili, anaondoka kabla hawajazizoea.

Ndiyo maana jambo la kwanza la kutafuta kwa kijana anayeitwa mwanzishaji wa kesho ni mpira wa tatu. Karibu kila chipukizi ana mpira wa kasi na mmoja wa kupinda, mara nyingi slaida. Mrushaji wa mkono wa kulia akimrushia mpigaji wa upande wa kulia, slaida humkimbia, na kazi inakuwa nyepesi. Mpigaji wa kushoto akisimama, slaida hiyohiyo inamfuata mwilini, anaiona vizuri, anaipiga. Hapo ndipo unapohitajika mpira wa hadaa: mkono unazunguka kwa nguvu ileile ya mpira wa kasi, lakini mpira unachelewa kwa maili nane au kumi, na mpigaji anazungusha gongo kabla haujafika. Mtazame kijana wako akiwa na wapigaji wa upande ulio kinyume na mkono wake tu, hata kama sehemu nyingine zote za mechi utazikosa. Akiwakwepa kwa kurusha mpira wa kasi tupu, au mkono wake ukilegea kila anapojaribu mpira wa hadaa, wapigaji wa Double-A watamgundua.

Kuna kipimo kingine kidogo ambacho mimi nakithamini kuliko namba nyingi. Subiri mpaka hesabu iwe boli mbili bila straiki. Hapo mpigaji ana haki ya kutegemea mpira wa kasi katikati, maana mrushaji anaogopa kumpa besi ya bure. Kijana anayethubutu kutupa slaida au mpira wa hadaa katika hesabu hiyo, na ukaingia kwenye eneo la straiki, anakuonyesha kwamba anaziamini silaha zake zote. Ukimwona akifanya hivyo mara kwa mara akiwa na miaka 20, andika jina lake.

Jambo la pili ni udhibiti, na hapa mtazame mdakaji badala ya mrushaji. Kabla ya kila mpira, mdakaji huweka glavu yake mahali anapoutaka. Angalia glavu inahama kiasi gani mpaka kuudaka. Ikihama kidogo, kijana anajua anapotupa. Ikiruka kutoka magotini hadi mabegani, basi hata straiki anazopata ni za bahati. Halafu mtazame tena mrushaji kukiwa na mkimbiaji besi ya kwanza. Mrushaji analazimika kufupisha mwendo wa mwili wake ili asiibiwe besi, na wapo vijana ambao wakifupisha tu, udhibiti wote unapotea. Wakiwa peke yao uwanjani ni hodari, lakini mtu mmoja akisimama nyuma yao wanakuwa watu wengine kabisa.

Ukisoma ripoti za maskauti utakutana na alama za 20 hadi 80. Zisikuchanganye. Hamsini hapo si nusu ya mtihani wa shule. Ni wastani wa Ligi Kuu, yaani wastani wa watu bora duniani. Kijana mwenye mipira mitatu ya alama 50 na udhibiti wa 50 anaweza kuanzisha mechi za MLB kwa miaka mingi, ingawa hakuna mtu atakayebandika picha yake ukutani. Kwa upande mwingine, mwenye mpira wa kasi wa 70, slaida ya 60 na udhibiti wa 35 anaelekea kwenye kazi ya mpokezi, hata kama magazeti yanamsifu zaidi.

Sasa namba. ERA, ile mikimbio anayofungwa mrushaji bila kuhesabu makosa ya walinzi, kwa kila zamu tisa, ndiyo maarufu na ndiyo inayopotosha zaidi katika ligi ndogo. Mwaka 2001 Voros McCracken aliwaamsha wachambuzi alipoonyesha kwamba mpira ukishagongwa na kubaki ndani ya uwanja, mrushaji hana uwezo mkubwa sana wa kuamua kama utadakwa au utakuwa pigo salama. Walinzi na bahati wana sehemu kubwa. Katika Single-A, ambako walinzi wenyewe wanajifunza, tatizo hilo ni kubwa zaidi.

Chukua badala yake idadi ya wapigaji wote aliokutana nao. Tafuta asilimia aliowatoa kwa straiki tatu, kisha toa asilimia aliowapa besi ya bure. Tuseme kijana amekutana na wapigaji 400, akawatoa 112 kwa straiki na kuwapa 36 besi ya bure. Hiyo ni 28 kutoa 9, inabaki 19. Katika MLB wastani wa siku hizi ni kama 22 kwa 8, tofauti ya 14 hivi. Kijana wa 19 ana kitu. Ila usifanye hesabu hii baada ya wapigaji 60 ukatangaza umepata nyota. Mechi mbili nzuri zinatosha kuipandisha.

Kisha iulize namba hiyo imetoka wapi. Umri kwanza: katika Double-A wachezaji wengi wana miaka 23 au 24, kwa hiyo mvulana wa miaka 20 anayeshindana nao sawasawa ni bora kuliko wa miaka 25 anayewaonea. Pili, uwanja: Albuquerque, kwenye Triple-A, uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unaruka mbali na haupindi inavyotakiwa. Mrushaji anayeonekana wa hovyo pale huenda hana kosa lolote. Na hata mpira wenyewe unaweza kuwa tofauti. Nusu ya kwanza ya msimu wa 2023, Southern League ya Double-A ilitumia mipira ya majaribio iliyotiwa mnato tangu kiwandani. Wapigaji waliotolewa kwa straiki wakaongezeka, na mipira ya kawaida iliporudishwa mambo yakatulia. Aliyewanunua vijana wa ligi ile kwa namba za Mei alinunua mnato.

Kuhusu umbo la mwili nitakuwa mfupi, kwa sababu naona linapewa uzito kupita kiasi. Pedro Martínez alikuwa na urefu wa sentimita 180 hivi na mwili mwembamba. Los Angeles Dodgers waliona mwili ule hautavumilia kazi ya kuanzisha mechi, wakamtumia kama mpokezi mwaka 1993, halafu wakamhamishia Montreal katika mabadilishano ya wachezaji. Alishinda Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa msimu, mwaka 1997, 1999 na 2000, zote kama mwanzishaji. Badala ya kimo, angalia kama mwendo wake unafanana kila mara, na linganisha kasi ya zamu ya kwanza na ya tano. Akianza na maili 96 na kushuka hadi 92 kufikia zamu hiyo ya tano, mwili wenyewe umekujibu.

Majeraha ni jambo jingine. Upasuaji wa kiwiko unaoitwa Tommy John, ambao daktari Frank Jobe aliufanya kwa mara ya kwanza mwaka 1974, humweka mrushaji nje kwa muda wa miezi 12 hadi 18. Wengi hurudi. Jacob deGrom alifanyiwa mwaka 2010, mwaka uleule aliosajiliwa, na bado akaja kuchukua Cy Young mbili mfululizo, 2018 na 2019. Kwa hiyo usimfute kijana kwa kovu moja la kiwiko. Bega ni habari nyingine. Brien Taylor, chaguo la kwanza kabisa katika uteuzi wa wachezaji wapya wa MLB mwaka 1991, aliumia bega mwishoni mwa 1993 na hakuwahi kurusha hata mpira mmoja Ligi Kuu.

Baada ya yote hayo, uamuzi. Msimamo wangu ni huu: mwache kijana aendelee kuanzisha mechi kwa muda mrefu kadiri inavyowezekana. Anayeanzisha anarusha mipira mingi zaidi, na ule mpira wa tatu haukui bila kutumiwa. Tena kumgeuza mwanzishaji kuwa mpokezi huchukua siku chache, lakini kumrudisha kunahitaji kuujenga mkono wake upya. Si kwamba haiwezekani: Johan Santana na Chris Sale wote walianza MLB wakiwa wapokezi, wakaja kuwa waanzishaji wakubwa na wote wana Cy Young. Lakini ni njia ndefu. Ninaanza kuafiki kumgeuza akifika miaka 24 au 25, besi za bure bado ziko juu ya asilimia 12, na mpira wa tatu haujaonekana.

Kugeuzwa nako si hukumu. Mrushaji anayejua ana zamu moja tu huachia nguvu zake zote, na kwa kawaida anaongeza maili moja au mbili. Mariano Rivera kutoka Panama alianzisha mechi 10 za New York Yankees mwaka 1995 na ERA yake msimu ule ilikuwa 5.51. Ndani ya msimu huohuo alikuwa amewazuia Chicago White Sox kwa zamu nane bila mkimbio, akiwatoa 11 kwa straiki, kwa hiyo uwezo ulikuwepo. Mwaka 1996 wakamfanya mpokezi, 1997 mmaliziaji, na alistaafu akiwa ameokoa mechi 652, rekodi ambayo bado haijavunjwa. Mwaka 2019 akawa mchezaji wa kwanza kuingizwa kwenye Jumba la Heshima kwa kura zote.

Rivera ndiye anayenifanya nikatae kabisa kumwita kijana wa Single-A mmaliziaji wa kesho. Wamaliziaji hawapandwi; wengi walikuwa waanzishaji waliokwama, na Kenley Jansen alikuwa mdakaji mpaka 2009. Kanuni ya mpira wa tatu nayo ina wanaoivunja. Spencer Strider wa Atlanta aliwatoa wapigaji 281 kwa straiki mwaka 2023 akitegemea zaidi mpira wa kasi na slaida. Lakini silaha zake mbili zilikuwa za kiwango cha juu mno, na ukitaka kumtetea kijana wako kwa jina la Strider, hakikisha nazo zake zinafika huko.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, somo hili halipo mbali tena. Dodgers waliwasajili Waganda Ben Serunkuma na Umar Male mwaka 2022, na Pittsburgh Pirates nao walimsajili David Matoma, Mganda anayejulikana kwa mpira wa kasi. Chagua mmoja kati ya vijana wa namna hii, umfuate msimu mzima. Andika mipira aliyowarushia wapigaji wa kushoto, glavu ya mdakaji ilihama vipi, na kasi yake ilipofika zamu ya tano, au mpira wa ishirini kama ni mpokezi. Kisha andika makadirio yako na tarehe, uyahifadhi, uyafungue baada ya miaka miwili.