Vitabu viwili vya mwaka mmoja katika tasnifu

Swali: Msomaji wa Kigera, Musoma, anayeandika tasnifu juu ya fikra za Mwalimu Nyerere, anauliza kwa nini marejeo yake ya mwaka 1968 yanagongana.

Jibu: Mwaka huo Nyerere alichapisha Freedom and Socialism na pia Ujamaa: Essays on Socialism, hivyo rejeo la ndani ya matini, yaani jina na mwaka vinavyowekwa kwenye mabano, halimwambii msomaji ni kitabu kipi. Mtindo wa APA hutenganisha vitabu hivyo kwa herufi, 1968a na 1968b, kwa kufuata alfabeti ya majina ya vitabu. Programu ya marejeo kama Zotero, ambayo ni ya bure na hufanya kazi ndani ya Word hata pasipo intaneti, huweka herufi hizo yenyewe na kuzipanga upya kila kazi nyingine ya Nyerere ya mwaka huo inapoongezwa. Anayeziandika kwa mkono hulazimika kuzisaka sura kwa sura, na moja ikimponyoka, hoja nzima huegemezwa kwenye kitabu kisichohusika.

Hata hivyo programu hutii kile ilichojazwa. Kwa mfano, tafsiri ya Mabepari wa Venisi ya 1969 iingizwe kwa Shakespeare kama mwandishi na Nyerere kama mfasiri. Namba ya ukurasa nayo iandikwe katika kisanduku chake, kwa sababu maneno yanayochapwa juu ya rejeo lenyewe yanaweza kufutika programu inaposasisha waraka. Kiungo kati ya Word na Zotero kikatwe kwenye nakala ya mwisho tu, baada ya msimamizi kumaliza masahihisho.