Mmemnyang'anya zamu yake

"Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo ya Kikatoliki hapa Dar es Salaam. Tuna dada mmoja, mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Mume alishamkimbia. Anauza maandazi na amepanga chumba kimoja. Shangazi, huyu dada tumempenda mno. Michango yote tumemsamehe. Krismasi tulimpelekea mchele, sukari na sabuni, jumuiya nzima. Ilipofika zamu yake ya kupokea sala nyumbani kwake tukamwonea huruma, tukasalia kwangu kwa niaba yake, na chai nikapika mwenyewe. Tangu siku hiyo haji. Nikimpitia anasema amechoka. Juzi nimesikia anasali na walokole mtaa wa pili. Wenzangu wanasema ana kiburi na hana shukrani. Nifanye nini arudi?"
Mama Mwenyekiti, Dar es Salaam

Barua yako ilikuwa ndefu, nimeipunguza. Ila kuna maneno nisingeyagusa hata kama gazeti lingekosa nafasi: "tukasalia kwangu kwa niaba yake." Shida yako yote imekaa hapo.

Nikuulize. Aliomba? Nimesoma barua yako mwanzo hadi mwisho, sijaona mahali alipowaambia kwamba hawezi. Mlikaa ninyi, mkamhurumia ninyi, mkaamua ninyi. Sitashangaa nikisikia kwamba alikuwa ameshaazima mikeka kwa wapangaji wenzake, amefagia uwanja, na maandazi ya wageni ameyatenga kwenye beseni lake asiyauze. Halafu akapata taarifa kwamba sala imehamia kwa mwenyekiti, kwenye makochi. Wapangaji wale waliomwazima mikeka aliwaambia nini?

Hicho si kiburi, mama. Ni aibu, na mliomtia aibu ni ninyi mliotaka kumsitiri.

Sasa pitia tena orodha ya mapendo yenu. Michango mmemsamehe, kwa hiyo jina lake halisomwi pamoja na wenzake. Zamu mmeiondoa, kwa hiyo nyumba yake haihesabiwi. Kilichobaki ni kuja, kukaa, kupokea sabuni na kushukuru. Mmemfutia kila wajibu mkidhani mnamfutia mzigo, na mtu asiye na wajibu wowote katika jumuiya si mwanajumuiya tena, ni mhitaji anayeruhusiwa kuhudhuria. Mia tano yake kwenye kapu ingemheshimisha kuliko gunia zima la mchele mlilompelekea kwa msafara.

Jambo hili nalishikilia kwa mikono miwili: ukarimu wa Kikristo haupimwi kwa unachotoa tu. Unapimwa pia kwa kukubali kupokea kwa mtu ambaye dunia inasema hana kitu. Anayetoa siku zote na hapokei kamwe amejiweka juu, hata kama moyo wake ni mweupe. Wengi wetu tumelelewa kupakua, kukirimu na kusindikiza mgeni. Kukaa kwenye mkeka wa maskini na kunywa chai yake bila haraka wala kumwonea huruma hatukufundishwa, na ndiyo kazi ngumu zaidi.

Fungua Biblia yako uone. Wakati wa njaa, Eliya hakutumwa kwa tajiri. Alitumwa Sarepta kwa mjane aliyebakiwa na unga wa kukandia mkate wa mwisho, yeye na mwanawe. Nabii akaomba alishwe yeye kwanza. Wewe ungesema Eliya hana huruma. Lakini nyumba ile ilipona kwa kupokea mgeni, haikupona kwa kupitwa. Yesu naye, pale kisimani Samaria, alianza kwa kuomba maji kwa mwanamke ambaye Wayahudi wasingeshirikiana naye chombo. Kwa Zakayo alijialika mwenyewe. Mara ngapi tunamkuta katika Injili akiwa mgeni kwenye meza ya mtu mwingine!

Na jumuiya zetu zimejengwa juu ya msingi huo. Maaskofu wa ukanda wetu, kupitia umoja wao wa AMECEA, walipozipa jumuiya ndogondogo nafasi ya kwanza mwaka 1973 na 1976, walitaka Kanisa liishi pale watu wanapoishi, jirani kwa jirani. Ndiyo maana sala inazunguka nyumba kwa nyumba. Ikizunguka kwenye nyumba zenye makochi peke yake, hiyo ni klabu ya wenye sebule. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 53 ya kanuni yake, aliagiza wageni wote wapokewe kama Kristo, na maskini na mahujaji wapewe uangalifu wa pekee, kwa sababu tajiri huheshimiwa hata bila kuagizwa. Wabenedikto wa Peramiho na Ndanda wanaishi kwa kanuni hiyo hadi leo. Wewe mwenye jumuiya ya mtaa mmoja usishindwe.

Kuhusu mtoto nitasema kidogo, maana umemtaja mara moja tu na umeniachia wasiwasi. Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kudhurika au kutokua sawasawa kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Hauambukizi. Si laana, wala si dhambi ya mama. Kama kuna mwanajumuiya anayevuta kiti pembeni mtoto akitoa sauti au udenda ukimtoka, mkanye. Na msitafute pa kumweka mtoto bila kumuuliza mama yake. Yeye ndiye anayejua mwanawe akae upande gani ili aone watu.

Umeniuliza ufanye nini. Kumtuma paroko ni kumwongezea aibu. Kumpelekea mfuko mwingine ni kurudia kosa. Walokole waacheni, tena waombeeni heri. Huenda huko amepewa hata kazi ya kupanga viti.

Nenda wewe, peke yako, mikono mitupu. Najua mikono itakuwasha. Usibebe hata sukari. Ukikaribishwa kiti, kaa. Ukipewa chai, inywe yote, na andazi ule. Msalimie mtoto kwa jina lake. Kisha sema bila kuzungusha: "Dada, tulikunyang'anya zamu yako bila kukuuliza. Nisamehe." Ukianza kueleza kwamba mlikuwa na nia njema utaharibu. Kaa kimya, mwache aseme, hata akisema makali.

Usimwombe arudi siku hiyo. Muulize tu kama angependa kupokea sala, na lini. Akikataa, heshimu. Akikubali, jina lake lirudi kwenye ratiba na kwenye daftari la michango, kwa kiasi atakachotaja mwenyewe. Chumba hakitawatosha, kaeni uwanjani. Wapangaji wenzake, Waislamu kwa Wakristo, wakaribisheni chai, kwa maana uwanja ni wao pia. Na wewe siku hiyo usiende na chupa ya chai ya akiba. Kitakachokuwepo ndicho mtakachokula, na kikiwa maji matupu mtashukuru kwa maji.

Wenzako wakilalamika kwamba kule hakuna pa kukaa, wakumbushe wamechagua kumfuata nani. Na wewe mwenyewe, mdogo wangu, ukiona kukaa kwenye mkeka wa muuza maandazi kunakushinda, basi achia uenyekiti. Mpe yeye.