Umeme wa Trekta Kuukuu: Kwa Nini Taa Huwaka na Stata Isigeuke

Katika wilaya za Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, matrekta yamefanya kazi kwa miaka mingi: katika mashamba ya mkonge ya bonde la mto Pangani yalivuta matela ya majani, na katika mashamba ya mahindi ya Handeni yalivuta plau. Aghalabu trekta linalosimamishwa kwa miaka kadhaa halirudi tena kazini. Mwenyewe hufunga betri mpya, huzungusha ufunguo, husikia mlio mdogo tu, na mwishowe huliuza kwa kilo kama chuma chakavu. Hasara hiyo si ndogo. Mvua za vuli huanza Oktoba na za masika huanza Machi. Mkulima asiyewahi kulima kabla ya mvua kukolea hawezi kuirudisha siku iliyopita. Tena mara nyingi injini iliyouzwa ilikuwa nzima.

Yafaa ikumbukwe kwamba injini ya dizeli haihitaji umeme ili iunguruma. Hewa ndani ya silinda hubanwa hadi kufikia sehemu moja hivi ya kumi na saba ya ujazo wake, ikapata joto la kutosha kuwasha dizeli inayopulizwa na nozeli. Umeme ni wa kuizungusha injini mwanzoni, pamoja na taa na honi. Kwa hiyo stata inaponyamaza, haijathibitika bado kwamba injini imekufa.

Kazi ya kwanza, hata hivyo, si ya umeme. Pistoni zilizokaa muda mrefu huweza kushikwa na kutu. Fungua nozeli, mimina oili kidogo katika kila silinda, acha usiku kucha, kisha izungushe injini polepole kwa spana kabla nozeli hazijarudishwa. Isipogeuka kwa mkono, usiilazimishe kwa stata. Toa maji yaliyotuama chini ya tangi la dizeli, badilisha filta, na uchungulie bomba la moshi na mlango wa hewa, kwani nyigu hupenda kujenga humo.

Sasa tutazame fumbo lenyewe. Fundi huwasha taa, nazo zikang'aa, akasema, "Umeme upo." Lakini taa ni shahidi asiyeaminika. Taa ya wati 48 katika betri ya volti 12 huvuta ampea 4 tu. Tuseme mahali waya wa ethi unapofungwa kwenye chasisi pameota kutu yenye ukinzani wa omu 0.02. Taa itapoteza hapo volti 0.08, kiasi ambacho jicho haliwezi kukitambua.

Stata ni habari nyingine. Chukua stata inayovuta ampea 300. Ukinzani wa mzunguko wake wote ni omu 0.04. Ongeza ile omu 0.02 ya kutu, nao mkondo utaporomoka hadi ampea 200. Volti 4 zitapotea katika kutu, na nguvu inayoifikia stata haitatimia hata nusu ya ile ya awali. Je, nguvu iliyopotea imekwenda wapi? Volti 4 mara ampea 200 ni wati 800, karibu sawa na pasi ya umeme. Ndiyo maana kiungo kibovu hupata moto, na fundi aliyezoea hukitafuta kwa kidole.

Njia iliyo bora ni kutumia voltimita. Weka ncha moja juu ya nguzo ya betri inayoungwa na ethi (nguzo yenyewe, si kibano chake) na nyingine juu ya chuma kitupu cha injini, kisha mwenzako azungushe stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.5, kosa liko katika njia ya ethi. Fungua kila bolti ya njia hiyo, sugua kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi. Rangi mpya iliyopakwa chini ya bolti ya ethi ni adui sawa na kutu.

Nyaya zilizotafunwa na panya au zilizopasuka maganda hazina budi kubadilishwa, lakini si kwa waya wa nyumba. Shaba ya milimita 6 za mraba, urefu wa mita 2, itapoteza karibu volti 1.5 ikibeba mkondo wa stata, tena itaunguza gandalo. Kwa stata tumia waya wa nyuzi nyingi usiopungua milimita 35 za mraba. Waya wa uzi mmoja, hata ukiwa mnene, hukatika kwa mtikisiko.

Kabla ya kufunga betri, chunguza ni upande upi ulioungwa na chasisi. Ferguson TE20 na Fordson Major za zamani ziliunganisha chanya kwenye chasisi, si hasi. Ukikosea, stata itageuka vilevile upande wake wa kawaida, nawe hutashuku lolote. Bali dinamo na katauti yake zitapingana na betri mpaka vidonge vya katauti viungue. Mahali penye alteneta, kosa hilo huua diodi papo hapo.

Kuna desturi moja ambayo hatuwezi kuinyamazia: kuunganisha ncha za stata kwa bisibisi huku mtu amesimama mbele ya gurudumu la nyuma. Njia hiyo huiruka swichi ya usalama. Trekta likiwa katika giya, litaondoka mara injini ishikapo na kumpanda aliyesimama hapo. Washa ukiwa umekaa kitini, giya zikiwa huru, breki imefungwa na magurudumu yamewekewa magogo. Hakikisha mapema kwamba kishikio cha kukata dizeli kinasogea, kwa sababu kuzima swichi ya umeme hakuzimi injini ya namna hii.

Injini ikiisha kuwaka, ipe mwendo wa wastani na upime betri. Usomaji wapasa kupanda kutoka volti 12.6 hivi hadi karibu 14. Ukibaki pale pale baada ya dakika chache, usilipeleke trekta shambani. Rudi kwenye dinamo, ukianzia na mkanda wa feni.