Sauti Kwanza, Kisha Neno
(Somo kwa wazazi na walezi)



Mtoto wa darasa la kwanza husimama mbele ya wageni na kusoma ukurasa mzima pasipo kukosea, nasi twampigia makofi. Hebu tufunike picha, kisha tumwonyeshe neno moja la katikati peke yake. Mara nyingi atanyamaza. Amekariri, hajasoma. Mtoto wa namna hii aweza kufika darasa la tatu bila kugunduliwa, na huko ndiko aibu humpata, hata akaanza kuichukia shule.

Mwaka 2015 Tanzania ilianza mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliokazia KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Lakini mwalimu mwenye watoto wengi hawezi peke yake. Basi sisi wa nyumbani tufahamu mambo manne.

Kwanza, sauti si jina la herufi. Mtoto akifundishwa "em, a, em, a", hataona "mama" imetoka wapi. Afumbe midomo, atoe sauti "mmm", kisha aunganishe na "a". Hapo atasikia "ma".

Pili, irabu ndizo msingi: a, e, i, o, u. Katika Kiswahili kila irabu ina sauti yake moja, tofauti na Kiingereza. Akizishika, aziunganishe na konsonanti moja: ba, be, bi, bo, bu. Tayari aweza kusoma baba, bibi na babu.

Tatu, magumu yaje baadaye. Sauti "ng'" ya ng'ombe si sawa na "ng" ya ngoma. Tena "m" ya mtoto husimama peke yake kama silabi: m-to-to. Tusimharakishe.

Nne, tumpime kwa upole. Tuandike "li" na "ma" juu ya vipande viwili vya karatasi. Vikipangwa hivyo ni "lima"; vikigeuzwa ni "mali". Kisha tumwandikie neno lisilo na maana, kama "mulaka". Akilisoma, tujue kweli anasoma, maana hakuna mahali alipolikariri.

Na bibi asiyejua kusoma asijitenge. Jioni, akichambua mboga, amwulize mjukuu: "Taja vitu vinavyoanza kwa sauti k." Kuku, kisu, kikapu, kamba. Mchezo huo hauhitaji kitabu, nao huzoeza sikio, na sikio ndilo hutangulia jicho katika kusoma.

Tukiri pia kosa letu. Mara ngapi tumemwita mtoto mjinga, kumbe hakuna aliyemwonyesha sauti? Dakika kumi kila jioni, pasipo fimbo wala kejeli, zatosha kuanza.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Je, mtoto wetu anasoma au anakariri? Tumejuaje?
2. Ni nani katika nyumba yetu atakayekaa naye jioni ya leo?