Mnandi
Je, umewahi kumwona mnandi? Ni ndege mweusi mwenye shingo ndefu. Ncha ya mdomo wake imepinda kama ndoana. Vidole vyake vimeunganishwa kwa ngozi, kama vya bata. Utamwona katika Mto Pangani na kwenye mikoko ya pwani.

Mnandi hupiga mbizi. Chini ya maji husukuma kwa miguu, akamfukuza samaki. Akimkamata, huibuka naye na kummeza kwa kuanzia kichwa. Hivyo miiba haimkwami kooni.

Manyoya yake huloa. Kuloa huko humsaidia kuzama. Akitoka majini, hutua mtini na kutandaza mabawa juani, kama nguo kwenye kamba.

Wengine husema mnandi anatumalizia samaki. Fikiri vizuri. Yeye hula samaki wadogo, na akishiba huacha. Lakini mikoko ikikatwa ovyo, watoto wa samaki na kamba hukosa pa kujificha na kukulia. Hapo mnandi atalala njaa, na mvuvi atarudi na ngalawa tupu. Tulinde mikoko yetu.

Maswali
1. Kwa nini mnandi hutandaza mabawa juani?
2. Mikoko ya kijiji chenu ina hali gani? Jadilianeni.